Sala si Hirizi

Masomo: 1 Samweli 4:1-11, Luka 22:31-34, Matendo ya Mitume 12:1-17

Kabla ya kuendelea fungueni Biblia zenu, na mwenye miwani aivae, maana somo hili halifai kusikilizwa tu.

Ukimwuliza Mkristo wa Kibondo au Kasulu kama yampasa kuvaa hirizi, atakujibu upesi kwamba haifai. Lakini mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, au mbuzi wakifa watatu kwa juma moja, hapo ndipo moyo hujulikana. Wapo wanaokwenda kwa mganga kwa njia ya nyuma. Hao wamekwisha kuonywa mara nyingi, nami leo siwaandikii. Nawaandikia wale wasiokwenda kwa mganga, bali wameifanya sala yenyewe kuwa hirizi. Biblia huwekwa chini ya mto wa mtoto wala haifunguliwi. Sala ya Bwana husemwa mbio mbio gari linapoondoka. Zaburi ya 91 huandikwa katika karatasi, ikakunjwa na kushonwa ndani ya nguo. (Ni nani aliyeitumia Zaburi hiyo katika Mathayo 4:6? Someni wenyewe.)

Sasa tazameni Israeli. Walikuwa wamepigwa na Wafilisti, watu wapata 4,000 wakafa. Wazee wakauliza kwa nini wameshindwa, swali zuri, lakini hawakungoja jibu. Hawakutubu, wala hawakusema neno juu ya uovu wa wana wa Eli. Waliagiza sanduku la agano liletwe kutoka Shilo, wakashangilia hata nchi ikavuma. Siku ile wakaanguka 30,000, na sanduku lenyewe likatekwa. Sanduku lilikuwa la Mungu kweli kweli, na kosa halikuwa ndani yake. Kosa ni kwamba walitaka kitu cha kuwafanyia kazi huku wao wenyewe wakibaki vile vile walivyokuwa. Hiyo ndiyo hirizi, hata ikiwa imefunikwa dhahabu.

Msifikiri mambo hayo ni ya zamani. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa uwanjani wakisukumana ili wakanyage mafuta yaliyosemekana kuwa na baraka. Siwahukumu marehemu, walikwenda kwa shida zao, kama sisi tulivyo na zetu. Lakini wanaofundisha watu kwamba ulinzi wa Mungu umo katika chupa watatoa hesabu.

Je, Bwana ametuahidi nini basi? Soma Luka 22. Anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ili awapepete kama ngano. Mama zetu wanaopepeta maharage kwa ungo wanajua maana yake: hakuna punje inayobaki mahali pake. Tungetazamia Bwana aseme, "Nimekuombea usipepetwe." Hakusema hivyo. Alimwombea imani yake isitindike. Katika Yohana 17:15 vile vile hakuomba wanafunzi watolewe katika ulimwengu, bali walindwe na yule mwovu. Huo ndio ulinzi wenyewe, tena ni mkubwa kuliko ule tunaoutafuta.

Hapa ndipo Matendo 12 inapotusumbua, na isitupite haraka. Herode alimwua Yakobo kwa upanga. Akamkamata Petro, kanisa likaomba, malaika akamtoa. Sidhani kanisa lilimpenda Yakobo kidogo. Luka hatoi sababu yo yote.

Jambo kama hilo lilitokea karibu nasi. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kasisi, na tangu 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumlisha na jirani zetu wa Burundi. Askari waliipekua nyumba yake usiku, Februari 1977, na maaskofu wakamwandikia Idi Amin barua ya kumwonya. Tarehe 16 waliitwa Kampala. Wenzake wakaamriwa kwenda nyumbani, yeye akazuiliwa, akauawa. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikuwako siku ile. Baada ya siku chache yeye na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku, wakafika Rwanda salama. Wote wawili walikuwa watu wa Uamsho, watu wa sala. Nani atasema sala za Festo zilikuwa na nguvu kuliko za Janani? Nasi wa Mabamba tuliwapokea wenzetu kutoka Burundi mwaka 1993 na tena 2015. Walioomba walifika, na walioomba hawakufika. Anayesema mwenzake alikufa kwa kukosa imani afunge kinywa chake.

Kwa hiyo tuombe, tena bila woga. Sala ya Jioni katika kitabu chetu ina ombi la kulindwa na hatari za usiku; lisemeni pamoja na watoto, polepole. Kisha mfunike mtoto kwa chandarua, na akipata homa mpelekeni zahanati alfajiri ile ile. Kufanya hivyo si kumjaribu Mungu wala kumkosea imani.

Tena Waefeso 6:18, baada ya silaha zote, yatuagiza kuwaombea watakatifu wote, si nafsi zetu tu. Mganga hukutajia jirani aliyekuroga, nawe ukarudi nyumbani na chuki juu ya bibi kizee asiye na kosa. Jaribuni kumwombea bibi huyo kwa jina lake siku saba, kisha mpelekeeni kuni.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya: Kwa nini wazee wa Israeli hawakungoja jibu? Petro alimkana Bwana usiku ule ule. Je, sala ya Yesu ilijibiwa? Ni jirani yupi ambaye hatujapata kumwombea kwa jina, na kwa nini?