Toa Blanketi Kwanza: Ngozi ya Kiki na Namna ya Kuiwamba

Nilipoitwa, kesi ilikuwa ya spika. Kanisa lilikuwa limenunua spika mbili mpya, miksa mpya na maiki mpya ya kiki, na bado kila kijana wa drams alipokanyaga pedali kilichosikika ni mtu anapiga gunia la unga kwa mwiko. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mwenye subira, akaniambia, "Mwanangu, hela ya spika ya tatu tunayo, ila tunaogopa kuitoa." Nikamwomba dakika kumi. Nikafungua ngozi ya mbele ya ngoma ya besi, nikaanza kutoa vitu: blanketi zito la bweni, mito miwili, sweta la shule na bunda la karatasi za pambio za mwaka juzi. Vikajaa kiti kizima. Mama akaliinua blanketi kwa ncha za vidole na kuuliza, "Hili la nani?" Hakuna aliyejibu.

Ngoma hiyo wapigaji wanaiita kiki, na haihusiani na ile kiki ya mastaa wanaotafuta kuzungumzwa mitandaoni. Katika seti nzima ndiyo inayosamehewa mapema kuliko zote, kwa sababu haionekani ikipigwa: mguu uko nyuma, na ngozi ya mbele imeandikwa jina la kwaya au bendi. Sauti ikiwa mbovu, macho yote humgeukia fundi mitambo. Mimi naanzia upande wa pili. Kwa seti nyingi nilizokutana nazo makanisani na kwenye bendi, ngozi moja nzuri ya upande wa mpigaji na nusu saa ya kushika ufunguo wa kukazia skrubu vimefanya kazi kuliko spika mpya.

Tunasema ngozi, ingawa siku hizi ni plastiki. Hadi miaka ya 1950 drams za Marekani na Ulaya ziliwambwa ngozi ya ndama kweli, na wapigaji wake walikuwa na taabu ileile anayoijua mpiga ngoma wa Tanga au Lamu: mvua ikinyesha ngozi inalegea, jua likiwaka inakaza. Huku kwetu tuliwasha moto tukaziotesha ngoma kabla ya kupiga. Wenzetu wengine walifunga taa ya umeme ndani ya ngoma ya besi ili joto lake likaushe ngozi. Kisha ikaja Mylar, plastiki nyembamba na ngumu ya kampuni ya DuPont, na mwaka 1957 Remo Belli, mpiga drams wa California, akaanzisha kampuni ya Remo kuuza ngozi za plastiki hiyo. Chick Evans naye alikuwa akiifanya kazi hiyohiyo miaka ileile. Kwa mtu wa pwani faida yake ni kubwa: ngozi uliyoiwamba Januari haitakugeuka masika yakianza.

Sasa dukani. Kabla ya kutoka nyumbani, pima ngoma yako, na upime mzinga wenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, bila ile pete ya mbao au chuma inayoshikilia ngozi. Wengi hupima na pete, wakarudi na ngozi isiyoingia. Seti nyingi za kawaida ni inchi 22. Za jazi huwa 18 au 20, na wapenda roki hupanda hadi 24 au 26.

Ngozi muhimu ni ile inayopigwa na kinyundo cha pedali. Swali la kwanza ni tabaka. Watengenezaji huhesabu unene kwa sehemu za elfu za inchi, na kipimo utakachokutana nacho sana ni 10, yaani karibu robo ya milimita. Ngozi ya tabaka moja ya unene huo hujibu hata ukikanyaga taratibu, na mlio wake ni mrefu na wazi. Ya tabaka mbili hutoa mlio mfupi, mnene, ulioshiba, na huvumilia mguu mzito. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Mpigaji mwepesi wa mguu akipewa tabaka mbili nene ataona kama anakanyaga matope.

Swali la pili ni kama ngozi imezimwa mvumo tangu kiwandani. Hapa ndipo mambo yalipobadilika, na hapa ndipo blanketi lilipopoteza kazi yake. Remo wana Powerstroke 3, ya tabaka moja, yenye pete nyembamba ya plastiki iliyobandikwa kwa ndani kuzunguka ukingo. Pete hiyo hukata ule mvumo wa pembeni unaofanya ngoma ilie "buuuu" badala ya "bu". Evans wana EMAD, ambayo huja na pete mbili za sponji za ukubwa tofauti. Unachomeka moja kwa nje, ukiona imezima mno unaitoa na kuweka nyingine bila kufungua skrubu hata moja. Aquarian wana Superkick II, ya tabaka mbili na pete yake ndani. Yoyote kati ya hizi ukiiwamba vizuri haihitaji mto.

Chagua kwa kuangalia mahali unapopiga, usifuate video ya studio ya mtu mwingine. Ukumbi wa bati juu na vigae chini tayari unarudisha kila sauti mara tatu. Humo weka ngozi iliyozimwa. Ukipiga uwanjani au chini ya mwembe hakuna ukuta wa kukusaidia, kwa hiyo mlio ulio wazi zaidi ni rafiki. Angalia na muziki wenyewe. Sebene ikishika kasi, kiki ndefu hugongana na pigo linalofuata na besi yote ikawa uji. Lakini wimbo wa taratibu wa kuabudu unapendeza ngoma ikivuma kidogo baada ya kila pigo.

Angalia na spika. Ngoma ya inchi 22 iliyolegezwa vizuri hutoa besi ya karibu mitetemo 50 hadi 60 kwa sekunde, na spika ndogo ya inchi 10 au 12 isiyo na sabufa haiwezi kuitoa besi hiyo ikafika nyuma ya ukumbi. Kama hamna sabufa, acheni kuifukuza besi ya chini. Tafuteni ule mgoto mkavu wa kinyundo kugusa plastiki, kwa sababu ndio sikio litakaoufuata. Vinyundo vingi vina nyuso mbili: upande wa felti ni laini na mviringo, upande wa plastiki hugonga kwa ncha. Ukigeuza kinyundo umebadilisha sauti bila senti. Ila upande wa plastiki hula ngozi, basi bandika kiraka pale kinapopiga. Viko viraka vya dukani, na hata kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye ngozi kuukuu, kikabandikwa vizuri, kinafaa.

Tufike kwenye kuwamba. Legeza skrubu zote, toa kucha zinazoshika pete na pete yenyewe, vua ngozi ya zamani, kisha futa ukingo wa mzinga kwa kitambaa kikavu. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawajawahi kulifanya: zima taa, laza mzinga juu ya sakafu ya vigae iliyonyooka, weka tochi ya simu ndani, na uinamie kwa nje. Mwanga ukichungulia chini ya ukingo, hapo pana bonde, na ngozi haitakaa sawa hata uikaze vipi. Bonde dogo utaishi nalo. Kubwa ni kazi ya fundi seremala makini. Ukingo wa mbao ukiwa mkavu na wenye kukwaruza, upake mshumaa mweupe kidogo kuuzunguka wote ili ngozi iteleze na kukaa.

Weka ngozi mpya. Ikae huru, uweze kuizungusha kwa kiganja. Rudisha pete na kucha, kaza kila skrubu kwa vidole tu mpaka iguse. Baada ya hapo fanya kama fundi anavyokaza nati za tairi: moja, kisha inayoikabili upande wa pili, kisha rudi huku. Nusu mzunguko kila moja, usizidishe. Ukikaza kwa kufuatana mduara, ngozi itavutwa upande mmoja, na mwamba ngoma anayevutia kwake huishia na ngoma yenye sauti mbili.

Ikishakaza kiasi, weka kiganja katikati na usukume kwa uzito wa mkono. Siku ile kijana wa drams aliruka: "Kaka, inapasuka!" Haikuwa inapasuka. Ni gundi ya ukingoni inayolia ngozi inapojipanga kwenye pete yake, na ni sauti ya kawaida kwa ngozi nyingi mpya. Iache ikae dakika chache, halafu ilegeze tena hadi mikunjo ionekane. Sasa ndipo unaanza kuwamba kweli. Panda robo mzunguko kwa kila skrubu, ukizikabilisha vilevile, na uangalie mikunjo. Ule wa mwisho ukipotea, simama. Hapo ngozi iko mahali pa chini kabisa inapoweza kutoa noti, na kwa kiki nyingi hapo ndipo nyumbani. Ukitaka mguu urudi haraka zaidi, ongeza robo moja kila mahali na usikilize tena.

Kupima usawa kwa sikio ni kugumu kwa sababu sauti iko chini sana. Mimi hutumia kidole gumba: nasukuma ngozi taratibu karibu na kila skrubu na kuangalia mikunjo inavyojitokeza. Palipojikunja upesi pamelegea.

Ngozi ya mbele huwa inasahauliwa, ilhali ndiyo inayoamua mlio utakuwa mrefu kiasi gani. Iwambe juu kidogo kuliko ya nyuma, robo au nusu mzunguko zaidi, halafu kanyaga na usikilize. Kadiri unavyoipandisha ndivyo ngoma inavyovuma na kurudisha mguu, ukiishusha, inatulia. Kama mnatumia maiki, tundu la sentimita 10 hadi 13 linatosha: hewa inapumua na maiki inaingia. Likizidi sentimita 18 hivi, ngoma huanza kulia kama haina ngozi ya mbele kabisa. Na lisiwe katikati, liwe pembeni, pale mshale mfupi unapokaa saa kumi jioni.

Usilikate kwa kisu, maana kisu huacha ufa mdogo, na siku moja ufa huo utapasuka hadi ukingoni. Tafuta kopo la bati la ukubwa unaotaka, lipashe mdomo moto jikoni, lishike kwa koleo na ulikandamize mara moja juu ya ngozi iliyolazwa juu ya ubao. Plastiki itayeyuka na kuacha duara safi lenye ukingo uliojifunga wenyewe. Fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta. Maiki ukiisogeza ndani karibu na kinyundo utapata mgoto zaidi. Ukiiacha mdomoni mwa tundu utapata besi zaidi.

Je, mtu asiweke kitu chochote ndani? Anaweza. Mwaka 1966, katika studio za EMI za London, fundi sauti Geoff Emerick aliingiza sweta la sufu ndani ya kiki ya mpiga drams Ringo Starr na kusogeza maiki karibu kuliko taratibu za studio zilivyoruhusu, na watu wakaupenda mlio ule mkavu. Miaka michache baadaye John Bonham wa Led Zeppelin akafanya kinyume: kiki ya inchi 26, ngozi mbili zisizo na tundu, iliyoachwa ivume. Wote wawili walianza na ngoma iliyowambwa. Sisi tunajaza blanketi ili kuficha ngoma isiyowambwa, na hapo ndipo ninapogombana na vijana. Ukishamaliza kukaza na bado inavuma mno, kunja khanga moja iwe kama mkate, uilaze chini ndani ya mzinga, iguse ngozi ya nyuma kwa vidole vitatu hivi. Inatosha. Pale kanisani hata hiyo hatukuihitaji.

Ngozi ya kiki hudumu kuliko ya snea, lakini haiishi milele. Ukiona shimo la kinyundo limebonyea na halirudi, au mikunjo inakataa kuondoka mpaka ukaze kupita kawaida, au plastiki inachomoka kwenye pete yake, ibadilishe. Sauti yake haitarudi kwa kukaza. Ya mbele haipigwi, kwa hiyo inaweza kukaa miaka. Hela ikiwa ya ngozi moja tu, nunua ya nyuma.

Na ufunguo wa drams, kile kichuma kidogo chenye umbo la herufi T, ndicho kitu cha kwanza kupotea katika kila kanisa nililoingia. Nunueni viwili. Kimoja kifungeni kwa kamba kwenye mguu wa kiti cha mpigaji, cha pili akae nacho mwenyekiti wa kwaya.