MLOLONGO, KURA YA SIRI NA KITI CHA KAJIADO KASKAZINI



Muhula uliopita tulimchagua mwenyekiti wa chama chetu kwa kupanga foleni. Wagombea wawili walisimama mbele ya darasa na kila mmoja wetu akaenda nyuma ya amtakaye. Hesabu ilikwisha kwa dakika tano. Lakini niliona jambo moja: wadogo wetu wa Kidato cha Kwanza walitazama kwanza kiranja wao amesimama wapi, ndipo wakatembea. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilisimama nyuma ya mwenzangu wa bweni moja kwa kuogopa maneno ya usiku. Yule niliyemtaka alikuwa upande wa pili.

Nilipokwenda nyumbani Kitengela nilimsimulia babu. Akacheka, kisha akasema, "Hata sisi tulifanya hivyo mwaka wa themanini na nane."

"Mlipigaje kura, babu?"

"Hatukupiga. Tulisimama."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute habari za uchaguzi wa hapa kwetu. Nimemchagua mbunge mmoja tu, marehemu Profesa George Saitoti, kwa sababu katika maisha yake ya siasa tunaweza kujifunza karibu kila njia ambayo Mkenya amewahi kuingilia Bungeni. Tuanze.

1. Mbunge wa kuteuliwa

Saitoti alizaliwa mwaka 1945. Alisoma shule ya Mang'u, kisha Chuo Kikuu cha Brandeis huko Marekani, halafu akaenda Uingereza, ambako alipata shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1972. Akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wale mnaokimbia hesabu mmesikia!

Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge, kisha akampa Wizara ya Fedha. Wakati huo katiba ilimruhusu Rais kuteua wabunge 12. Kwa hiyo alishika mfuko wa taifa kabla hajaomba kura ya mtu yeyote. Mbunge wa kuteuliwa ana sauti Bungeni, lakini hana eneo la uwakilishi, yaani hana watu wa kumwuliza, "Umetufanyia nini?"

2. Mlolongo

Mwaka 1988 aligombea kiti cha Kajiado Kaskazini akashinda. Nchi ilikuwa na chama kimoja tu, KANU. Katika mchujo wa chama, wanachama walipanga mstari nyuma ya wakala au picha ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja, bila kura ya siri kupigwa baadaye. Asiye mwanachama wa KANU hakuwa na mahali pa kusimama.

Waliotetea mlolongo walisema ni wazi, ni rahisi, na hauna karatasi za kuibwa. Lakini chifu anakuona, mwajiri wako anakuona, hata anayekudai anakuona. Na watu wakishatawanyika, mstari hauwezi kuhesabiwa tena. Katika sehemu nyingi za nchi zilisikika lawama kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu.

Mwaka 1989 Saitoti akawa Makamu wa Rais. Mwaka 1990 KANU iliunda kamati ya kuzunguka nchini kusikiliza maoni ya wananchi. Mwenyekiti wake alikuwa nani? Yeye yeye Saitoti! Watu walizungumza bila kuficha, na moja ya mapendekezo ya kamati hiyo ni kwamba mlolongo na ile sheria ya asilimia 70 viondolewe. Mkutano wa wajumbe wa Desemba 1990 ukakubali. Kumbe aliyeingia Bungeni wakati wa mlolongo ndiye aliyepeleka ujumbe wa kuuzika.

3. Vyama vingi

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU iwe chama pekee, kilifutwa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya hapo ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Saitoti alikihifadhi kiti chake kwa tikiti ya KANU mwaka huo na tena mwaka 1997. Sasa mpiga kura alikuwa na kibanda, karatasi na sanduku. Aliyoyafanya ndani ya kibanda ni siri yake na Mungu wake.

4. Kuhama chama

Machi 2002 KANU iliungana na NDP katika mkutano wa Kasarani. Saitoti alitoka pale mikono mitupu, baada ya kusema kwamba hufika wakati taifa likawa kubwa kuliko mtu mmoja. Agosti mwaka huo akaachishwa umakamu. Alijiunga na waliounda muungano wa NARC, na Desemba watu wa Kajiado Kaskazini wakamrudisha Bungeni kwa chama kipya. Akawa Waziri wa Elimu wakati elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani.

Tusimsifu bila kipimo. Mwaka 2006 aliondoka wizarani kwa muda kutokana na ripoti ya Tume ya Goldenberg. Mahakama Kuu ilimwondolea lawama, naye akarudi kazini mwaka huo huo. Mwaka 2007 alishinda tena, safari hii kwa PNU.

5. Uchaguzi mdogo

Tarehe 10 Juni 2012, akiwa waziri wa usalama wa ndani, alifariki katika ajali ya helikopta karibu na Ngong, pamoja na waziri msaidizi Orwa Ojode na wengine wanne. Tarehe 17 Septemba ulifanyika uchaguzi mdogo, na Moses Sakuda wa TNA akachukua kiti kilichokuwa na mtu mmoja kwa miaka 24.

Mwaka 2013 maeneo ya Kajiado yaliongezeka kutoka matatu hadi matano. Sisi wa Kitengela tuko Kajiado Mashariki, ambako Peris Tobiko alichaguliwa mwaka huo, ingawa baadhi ya wazee walitishia kumlaani kwa kuwa ni mwanamke. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mmaasai kuchaguliwa kuwa mbunge wa eneo. Hebu fikirini wapiga kura wale wangepanga mstari mbele ya wazee hao. Nani angethubutu kutoka kwenda nyuma ya mama yule?

Hitimisho

Wengi wetu tutakuwa tumetimiza miaka 18 kufikia uchaguzi wa Agosti 2027. Tutapewa karatasi sita: ya Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Hatutajifunza ujasiri siku hiyo ikiwa hapa shuleni tunafundishana kuangalia kiranja kasimama wapi. Kwa hiyo naomba chama chetu kiwachague viongozi wajao kwa karatasi na sanduku, hata kama ni katoni ya sabuni iliyotobolewa. Kuhesabu kutachukua nusu saa badala ya dakika tano, na nusu saa si kitu.

Maswali ya mjadala

(a) Taja faida mbili na hasara mbili za mlolongo.
(b) Je, mbunge akihama chama, kiti ni chake au ni cha waliomchagua?
(c) Eleza tofauti kati ya "kuteuliwa" na "kuchaguliwa", kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.