Saratani ya titi: kwa nini daktari anataka picha ya mifupa na ya moyo?

Mama mwenye uvimbe kwenye titi anapoambiwa aende kupigwa "picha ya nyuklia", neno hilo peke yake humtia hofu. Wengine hufikiria bomu, wengine hudhani watachomwa. Barua ya rufaa hubaki chini ya godoro hadi siku ya miadi inapita. Tueleze basi kinachofanyika.

Katika eksirei, mashine ndiyo inayotoa mionzi. Hapa ni tofauti. Unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, mara nyingi tekinisiamu-99m, kwenye mshipa wa mkono. Dawa hutembea na damu mpaka kwenye kiungo kinachochunguzwa. Kamera huipokea mionzi inayotoka mwilini mwako. Yenyewe haitoi kitu. Nguvu ya dawa hupungua nusu kila baada ya saa 6, na nyingine hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana utaambiwa unywe maji mengi na ukojoe mara kwa mara.

Je, picha hii ndiyo inayosema kama uvimbe ni saratani? Hapana. Hilo hujulikana kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe na kukipima maabara. Picha ya nyuklia hutafuta kama saratani imefika kwenye mifupa. Baada ya sindano unasubiri saa 2 hadi 4, kisha unalala kimya mezani, mara nyingi chini ya saa moja. Mfupa ulioathirika hunywa dawa nyingi na kuonekana wazi zaidi. Lakini mfupa uliovunjika zamani, au goti lenye baridi yabisi, huonekana hivyo hivyo. Kama uliwahi kuanguka na mzigo wa kuni ukaumia mbavu, mwambie daktari, hata kama ni miaka mingi. Habari hiyo ndogo inaweza kukuepusha na tiba isiyo yako.

Na moyo unaingiaje? Dawa nyingine za saratani ya titi, kama doksorubisini, zinaweza kudhoofisha moyo. Kabla ya kuzianza, na wakati wa matibabu, daktari hupima moyo unasukuma damu kiasi gani. Hospitali nyingi hutumia altrasaundi ya moyo. Nyingine hutumia kamera hii.

Wenye maumivu ya kifua hupigwa picha mara mbili: wakiwa wamepumzika, na baada ya mazoezi au dawa ya kuchangamsha moyo. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi tu huashiria mshipa uliobanwa. Ikikosa mara zote mbili, huenda ni kovu la shambulio la zamani. Kwa kipimo hiki kahawa, chai, soda nyeusi na chokoleti huachwa, kwa kawaida saa 24 kabla. Ndiyo, hata kikombe kimoja cha chai. Wapo waliosafiri usiku kucha wakarudishwa kwa sababu hiyo.

Kamera hizi ziko hospitali kubwa tu, kama Mulago mjini Kampala na Ocean Road mjini Dar es Salaam. Dawa yake haiwezi kuwekwa ghalani, maana huisha nguvu yenyewe. Chanzo chake hutengenezwa kwenye vinu vichache duniani. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kiliposimama, wagonjwa wa nchi nyingi walikosa vipimo. Kwa hiyo miadi yako ikisogezwa, usidhani umefukuzwa. Omba tarehe mpya iandikwe kwenye barua.

Kabla ya sindano, sema kama una mimba au huenda unayo. Kama unanyonyesha, uliza pia: kutegemea dawa, huenda ukaambiwa ukamue maziwa na kuyamwaga kwa muda. Usimwachishe mtoto bila kuelekezwa.

Mwenye uvimbe mpya, ngozi ya titi iliyobonyea au damu kwenye chuchu asisubiri picha yoyote. Aje zahanati ya kambi wiki hii, hata kama hana maumivu.