Jalada la Ripoti ya PDF: Lisomeke Kwenye Simu, Lisomeke Kwenye Fotokopi

Ripoti inayoandikwa Micheweni siku hizi haisubiri boti ya Mkoani. Inageuzwa kuwa PDF, inatumwa kwa WhatsApp au barua pepe, na anayeipokea Unguja huanza kuiona kwenye simu: kijipicha cha ukurasa wa kwanza, na chini yake jina la faili. Kama kijipicha hicho hakisemi kitu, faili huzama katikati ya nyingine zinazoitwa "ripoti mpya mwisho kabisa 2".

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi maneno yatakayokaa juu ya jalada: jina la ripoti, taasisi inayoitoa, mahali, kipindi kinachozungumziwa na tarehe ya kuitoa. Kwenye mahali ndipo sisi wa Pemba tunapoteleza zaidi. Zanzibar ina Kaskazini Unguja na Kaskazini Pemba, Kusini Unguja na Kusini Pemba. Ukiandika "Mkoa wa Kusini" ukaishia hapo, wewe uliyeko Chake Chake unajielewa, lakini mwenzio aliyeko mjini Unguja ana haki ya kudhani unazungumzia Kizimkazi. Majina ya vijiji nayo hufanana: Chwaka ipo Unguja, na Chwaka nyingine ipo karibu na Tumbe. Basi andika shehia, wilaya, mkoa, na kisiwa usikiache.

Kipindi nacho kina mtego wake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo robo ya tatu ya mwaka huo ni Januari hadi Machi, ilhali robo ya tatu ya kalenda ya kawaida ni Julai hadi Septemba. Taja miezi yenyewe. Madrasa na jumuiya zinazofuata mwaka wa Hijria ziweke tarehe zote mbili. Na kama kazi bado ni rasimu, neno RASIMU likae juu ya jalada, lisifichwe ndani ya jina la faili ambalo mtu yeyote anaweza kulibadilisha.

Sasa fungua programu, na jambo la kwanza ni karatasi. Programu nyingi huja zikiwa zimewekewa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279. Karatasi inayouzwa madukani kwetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Ukisahau kubadilisha, jalada ulilolipanga vizuri litasogea, au printa itagoma ikidai karatasi isiyokuwepo. Badilisha mwanzo, maana ukibadilisha mwisho utapanga upya kila kitu. Upande wa kushoto acha milimita 30 kama ripoti itatobolewa na kufungwa. Pande nyingine milimita 20 zinatosha.

Katika Word, jalada hupatikana kwenye "Insert", kisha "Cover Page". Chagua lenye mapambo machache. Tatizo linalowasumbua wengi huja baadaye: ukurasa wa pili unajiita 2 wakati wao wanataka uwe 1. Dawa yake ni kwenda "Format Page Numbers" na kuandika 0 kwenye "Start at", jalada likawa sifuri lisiloonekana. Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafaa sana kwa jumuiya zisizo na fedha za leseni, waende "Format", kisha "Title Page". Hapo hapo wataweza kuamuru namba zianze upya baada ya jalada. Wanafunzi wanaoandika kwa LaTeX wajue kwamba aina ya "article" haitengi jalada mpaka uiongezee chaguo la "titlepage", ilhali "report" na "book" hulitenga zenyewe.

Kuhusu sura ya jalada, nina msimamo. Picha ya karafuu zilizoanikwa ni nzuri, lakini ripoti ya visima haina haja nayo. Jina la ripoti liwe na herufi za pointi 24 au zaidi, mistari isizidi mitatu, na nyuma yake pawe peupe. Jalada la buluu iliyokoza lenye maandishi ya manjano hupendeza kwenye skrini, kisha hupelekwa kutolewa fotokopi nyeusi likarudi doa tupu, na wino wa mwenye duka umekwisha. Nembo iwe faili halisi kutoka kwa mwenyewe. Iliyokatwa kutoka picha ya simu huonyesha vumbi na kivuli ikichapwa. Nembo ya Serikali waachie Serikali. Jumuiya ya watu binafsi itumie yake, au isiweke kabisa.

Ukifika kwenye kuhifadhi, usipeleke faili ya Word dukani kuchapisha. Kompyuta ya pale ikikosa fonti uliyotumia itaweka nyingine, na jina la ripoti litamwagikia mstari wa nne. PDF hubeba fonti ndani yake. Kwa nyaraka za kutunzwa miaka mingi chagua aina ya PDF/A, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu. LibreOffice na Word zote zinayo kwenye dirisha la kuhifadhi PDF.

Kuna jina jingine lisiloonekana kwenye jalada. Ndani ya PDF mna sehemu ya jina la waraka na mwandishi, na programu nyingi za kusomea huonyesha jina hilo juu ya dirisha. Ukianzia kwenye ripoti ya mwaka jana ya mtu mwingine, taarifa zake hubaki humo. Unaweza kukuta mhasibu amepeleka hesabu za 2025 kumbe dirishani zinasomeka semina ya 2019, na mwandishi aliyetajwa ameshahama kazi. Rekebisha kwenye "File", kisha "Info" kwa Word au "Properties" kwa LibreOffice, kabla ya kutoa PDF.

Mwisho, jitumie faili hiyo kwenye simu yako kama waraka, usiigeuze picha. Ukiweza kusoma jina la ripoti kwenye kijipicha bila kukifungua, itume. Ukishindwa, ongeza herufi na upunguze maneno.