KUSAWAZISHA SIMU NA KOMPYUTA BAADA YA KUBADILI PROGRAMU YA BARUA PEPE

Tumchukue katibu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa huko Mtoni, wilayani Temeke. Majina na namba za wanachama 180 ameyahifadhi katika kompyuta ya ofisi, ndani ya programu ya barua pepe, na majina hayo hayo hutembea nayo katika simu ya mkononi. Siku moja kompyuta inawekewa toleo jipya la programu hiyo. Jioni yake simu inaonyesha majina 360, kila mwanachama mara mbili, na mkutano wa mikopo uliopangwa saa nne asubuhi unasomeka saa moja. Katibu anabonyeza kitufe cha kusawazisha tena na tena, lakini hali haitengemai.

Mfano huu ni wa kubuni, ila hasara yake ni ya kweli: mwanachama asiyepatikana kwa simu hukosa zamu yake ya mkopo. Katika somo hili tutaeleza chanzo cha matatizo ya namna hii na utaratibu wa kuyatatua.

Maana ya kusawazisha

Watu wengi hudhani kuwa kusawazisha ni kunakili tu. Sivyo. Fikiria makarani wawili, kila mmoja na daftari lake. Wanapokutana, jina la Asha limo katika daftari la kwanza, na katika la pili halimo. Je, karani wa kwanza ameliongeza, au wa pili amelifuta? Kwa kutazama madaftari hayo mawili peke yake, haiwezekani kujua. Inahitajika kumbukumbu ya tatu, inayoonyesha hali ilivyokuwa makarani walipokutana mara ya mwisho.

Vyombo vyetu hufanya vivyo hivyo. Kila jina hupewa kitambulisho chake, na hutiwa alama linapobadilishwa. Kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo Pilot, iliyotolewa na Palm mwaka 1996, ilionyesha jambo hili waziwazi. Ilipokutana na kompyuta ile ile iliyosawazishwa nayo mara ya mwisho, ilishughulikia yale tu yenye alama ya mabadiliko. Ilipokutana na kompyuta nyingine, haikuziamini alama hizo. Ililinganisha yote, moja baada ya jingine.

Mambo yanayoharibika

Kwanza, kumbukumbu ya tatu hupotea. Programu mpya inaweza kuvipa vitu vyote vitambulisho vipya, na simu ikaviona kuwa ni vigeni. Hapo huzaliwa majina pacha. Ulinganishaji wa maandishi nao unaweza usisaidie, kwa kuwa namba moja huandikwa kwa namna mbili: kwa kuanza na 0, au kwa kuanza na +255. Mtu huona namba moja. Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi huona mbili. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: orodha mpya ikiwa tupu, lakini ikatambuliwa kwa jina la orodha ya zamani, simu huweza kuamini kwamba majina yote yamefutwa, nayo ikayafuta.

Pili, daraja huvunjika. Baadhi ya programu za usawazishaji huunganishwa na programu ya barua kwa kipande cha kati. Microsoft ilipotoa Outlook ya mwaka 2010 kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64, vipande vilivyotengenezwa kwa biti 32 havikuweza kufanya kazi ndani ya ile ya biti 64. Simu ilikuwa nzima na kompyuta nzima. Kilichokosekana ni kiungo.

Tatu, mlango hubadilishwa. Kuanzia Oktoba 2022 Microsoft ilianza kufunga, katika huduma yake ya Exchange Online, njia ya zamani ya kuingia kwa jina na nenosiri pekee. Programu isiyojua njia mpya hukataliwa hata nenosiri likiwa sahihi. Kuandika nenosiri mara kumi hakusaidii kitu.

Nne, barua huhamishwa. Zipo njia mbili maarufu za kupokea barua. IMAP huziacha kwenye seva, hivyo simu na kompyuta huona barua zile zile. POP huzishusha kwenye kompyuta, na mara nyingi huziondoa kwenye seva. Akaunti ikiundwa upya kwa POP, barua huonekana ofisini tu, na simu hubaki bila kitu.

Tano, saa hukosewa. Miadi mingi huhifadhiwa kwa saa za Greenwich, kisha kila chombo hugeuza kwa majira ya mahali pake. Sisi tunatangulia kwa saa 3. Mkutano wa saa nne asubuhi, yaani 10:00, huhifadhiwa kuwa 07:00. Chombo kisichojua kuwa kiko Tanzania huonyesha 07:00, yaani saa moja. Lakini yapo makosa mengine, ambayo ni yetu wenyewe: kuandika 4:00 kwa sababu tumesema “saa nne”. Basi msomaji akumbuke kanuni hii: miadi ikipotoka kwa saa 3, kagua majira ya chombo, ikipotoka kwa saa 6, mwulize aliyeandika.

Utaratibu wa kutengeneza

1. Zima usawazishaji katika simu kabla ya jambo lolote, ili kosa lisiendelee kusambaa.

2. Toa majina na kalenda katika faili, kutoka simu na kutoka kompyuta. Weka nakala kwenye flashi, nyingine mahali pengine. Fungua faili hizo uhakikishe zinasomeka.

3. Chagua daftari mama. Hesabu majina ya kila upande, kisha tafuta badiliko la karibuni unalolijua, kwa mfano namba mpya ya mwanachama. Upande ulio nalo ndio wenye habari mpya.

4. Ondoa majina pacha katika daftari mama, na andika namba zote kwa +255.

5. Kagua majira katika vyombo vyote viwili. Kompyuta nyingi huyaita majira yetu kwa jina la Nairobi. Hilo ni sahihi.

6. Ondoa akaunti ya zamani katika simu, kisha iunde upya. Kuiondoa hufuta nakala zake zilizomo katika simu. Ndiyo maana hatua ya pili isirukwe.

7. Jaribu kwa jina moja: liongeze katika simu, lirekebishe katika kompyuta, kisha lifute. Likifuata pande zote mbili, rudia jaribio kwa miadi moja.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini madaftari mawili hayatoshi kuonyesha kama jina limeongezwa au limefutwa?

2. Mkutano wa saa nane mchana unaonekana katika simu saa 11:00 kwa mtindo wa saa 24. Je, kosa ni la majira au la mwandishi?

3. Simu ina majina 180, kompyuta haina hata moja. Ni hatua gani isiyopasa kuchukuliwa kwanza, na kwa nini?