Nguruwe: sindano moja, magonjwa mawili

Ninyi mnaokaa vijijini karibu na migodi ya Likasi na Kolwezi, mnajua faida ya nguruwe. Watu wa migodi wanataka nyama, na nguruwe mnene analipa masomo ya mtoto. Lakini ugonjwa ukiingia zizini, mali ya miaka inakwisha kwa siku chache. Basi sikieni vizuri.

1. Ruje. Nguruwe ana homa kali, hataki kula, na ngozi yake inapata mabaka mekundu yenye pembe nne. Wengine wanakufa ghafula. Ugonjwa huu unaweza kumshika mtu pia, kwa njia ya kidonda cha mkono. Huko Ufaransa, Louis Pasteur na Louis Thuillier walitengeneza dawa ya kuukinga katika mwaka 1883.

2. Parvo. Jike haonekani mgonjwa, lakini anazaa watoto wachache, na wengine wamekufa na kukauka tumboni. Mwenyewe anasema: «Amerogwa.» Si uchawi, ni ugonjwa.

3. Sindano. Kuna dawa inayounganisha kinga ya magonjwa haya mawili. Jike asiyezaa bado anachomwa mara mbili. Kati ya sindano hizo majuma 3 au 4. Ya pili ipite majuma 2 au zaidi mbele ya kumpeleka kwa dume. Ya kwanza inaufundisha mwili, ya pili inautia nguvu. Ukiacha ya pili, umetupa franka zako bure. Halafu mganga wa nyama atakuambia siku za kurudia.

4. Makatazo. Usichanganye dawa mbili mwenyewe katika bomba moja. Walioziunganisha walizipima kwanza. Wewe hukuzipima, na moja inaweza kuharibu nyingine. Dawa ikae katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Isigande, isipigwe na jua. Usimchome nguruwe mgonjwa, maana dawa ya kukinga si dawa ya kuponya.

5. Homa ya nguruwe ya Afrika. Angalieni sana! Sindano ile haikingi homa hii. Inaweza kuua zizi zima, na dawa ya kuiponya hakuna. Kinga yake ni kazi ya mikono yenu: fungeni nguruwe, wasitembee ovyo wala kukutana na ngiri. Msiwape makombo ya nyama ya nguruwe kutoka kambini, kwa kuwa ugonjwa unakaa katika nyama miezi mingi. Nguruwe akifa, msimle, msimuuze. Mwite mganga, kisha mzike chini sana. Anayeuza nyama ile anapata franka leo, na kesho anaua nguruwe wa jirani zake.

Maulizo
Kwa nini jike mpya anachomwa mara mbili?
Ni ugonjwa gani ambao sindano hii haikingi?
Nguruwe akifa ghafula, utafanya nini kwanza?