Nyumba Yenu Ifanane Nanyi



Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika somo la leo tutaangalia jinsi mahitaji na mapendeleo ya kila mmoja yanavyoipa nyumba sura yake, na jinsi jambo hilo linavyoweza kuijenga ndoa au kuibomoa.

Hapa kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, wengi tunapanga katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna jiko, bafu na choo cha wote. Vyumba hujengwa karibu sawa. Lakini ukiingia, huyu ana makochi yenye vitambaa vya kufuma, huyu ana mkeka na mito tu, yule ameweka cherehani dirishani. Ndivyo inavyopasa, maana maisha yao si sawa.

Taabu huanza wapi?

Tuseme mume anafanya kazi bandarini Kilindini, zamu ya usiku. Mchana anahitaji giza na kimya apate kulala. Mke ni mshonaji, anahitaji mwanga. Watoto wanahitaji mahali pa kuandikia kazi ya shule. Chumba ni kimoja, futi 10 kwa 10. Mke anaona makochi mapya ya jirani, anachukua kama yale kwa mkopo. Mume naye analeta televisheni kubwa bila kumwuliza mkewe, na cherehani inatolewa ukumbini. Watoto wanalala chini ya meza, na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi wa deni. Hapo ugomvi si wa vyombo tena. Mke huona kwamba ni yeye aliyetolewa nje, na mume huona kwamba jasho lake limefanywa pambo la kuwaonyesha majirani.

Mambo manne ya kufuata

1. Mahitaji yatangulie. Kaeni chini mwandike: nani analala wapi na saa ngapi, nani anafanya kazi gani ndani, mtapika wapi mvua ikinyesha. Kwetu Pwani joto ni kali, hasa Januari hadi Machi. Kabati lililoziba dirisha ni hasara hata likiwa zuri. Kitanda kipate nafasi ya chandarua. Pazia zito la kugawa chumba ni rahisi kuliko makochi, nalo humpa mtu wa zamu usingizi, na baba na mama faragha yao.

2. Kila mmoja awe na sehemu yake. Mapendeleo si dhambi. Pengine mume amelelewa bara na amezoea kiti, mke ni wa Pwani na hustarehe mkekani. Asishinde mmoja kila mara. Katika Filipi 2:4 Mtume Paulo anatufundisha kuyajali na mambo ya wenzetu. Mwachie mwenzako hata ukuta mmoja aupambe apendavyo, wala usimcheke mbele ya wageni.

3. Msikope kwa ajili ya wageni. Zamu ya kupokea Jumuiya Ndogo Ndogo ikifika, wengine huingia madeni ili waonekane. Wanajumuiya wanakuja kusali. Azimeni mikeka na stuli kwa wapangaji wenzenu. Someni Luka 10:38-42 mwone jinsi Martha alivyosumbuka na mengi.

4. Pawepo mahali pa sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Rafu ndogo yenye msalaba, Biblia na rozari inatosha hata katika chumba cha kupanga, ilimradi iwe mahali ambapo wote mnaweza kukusanyika jioni.

Ndugu zangu, usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani hajui mume wako analala saa ngapi, wala hatalipa deni lako. Kabla ya kununua kitu kingine, zungumzeni.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Ni kitu gani kiliingia nyumbani mwetu bila mmoja wetu kuulizwa?
2. Ni hitaji gani la mwenzangu, au la watoto, lisilo na nafasi?
3. Tuondoe nini ili lipate nafasi?